Vijana na Michezo ya Baruti

Kila ikaribiapo Krismasi, hapa Lushoto husikika milio mabondeni na nyuma ya nyumba. Si bunduki. Ni wavulana waliokwangua njiti za kiberiti na kulipua unga wake ndani ya chuma. Mzazi husikia, hugomba, na neno huishia hapo. Wengine husema, mtoto akililia wembe, mpe. Lakini wembe hukata kidole kikapona, baruti hukichukua.

Yafaa kwanza tujue hatari yenyewe. Kichwa cha njiti kina dawa iitwayo klorati ya potasiamu, ambayo hubeba oksijeni ndani yake. Kwa sababu hiyo moto wake hauhitaji hewa ya nje. Hata ukifungiwa, huwaka. Ukiwaka hutoa gesi nyingi kwa mara moja, na gesi hiyo ikikosa mlango hupasua chuma. Vipande vyake havichagui jicho la nani. Tena nchi yetu inayo Sheria ya Baruti ya mwaka 1963: baruti haitengenezwi bila leseni.

Je, kijana huyo ni mhuni? Mara nyingi sivyo. Anataka kuona nguvu iliyofichika katika vitu, na nguvu hiyo ndiyo irushayo roketi. Tofauti ni mlango tu. Roketi ina tundu nyuma. Gesi hutoka huko kwa kasi, nayo roketi husukumwa mbele.

Jirani zetu wa Malindi waliona jambo hili kwa macho yao. Tangu 1967 hata 1988 Waitalia walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout ilipandisha kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni kwenye nyota.

Huko Marekani nako vijana waliumia kwa kuchanganya dawa nyumbani. Mwaka 1954 mwuza viatu wa Nebraska, Orville Carlisle, alibuni roketi ndogo ya karatasi yenye injini iliyotengenezwa tayari, ambayo hubadilishwa kila baada ya kurushwa. Mwaka 1957 kikaundwa chama cha wapenda roketi. Kanuni zake ni hizi: usitengeneze injini mwenyewe, washa kwa umeme ukiwa mbali, wala usirushe kuelekea watu. Atakaye roketi kubwa hupimwa kwanza na kupewa cheti, ngazi kwa ngazi.

Basi tufanyeje sisi wa milimani? Badala ya baruti, tuwape vijana maji. Chupa ya plastiki ya soda, si ya kioo, itiwe maji hadi theluthi moja. Izibwe kwa kizibo kilichopenyezwa vali ya baiskeli, isimamishwe uwanjani mdomo ukiwa chini, kisha ijazwe upepo kwa pampu. Kizibo kikichomoka, maji hutoka kwa kishindo na chupa hupaa. Mtu mzima awepo, na mtu yeyote asiinamie juu yake.

Siku ya mvua, ingieni jikoni. Chemsheni kabichi ya zambarau, mgawe maji yake katika vikombe viwili. Kimoja kitiwe limau, nacho kitakuwa chekundu. Kingine kitiwe magadi, nacho kitageuka buluu au kijani. Hiyo ni kemia, na vifaa vyake vyote vinapatikana sokoni.

Ndugu mzazi, ukisikia mlio nyuma ya nyumba, mnyang'anye mwanao kiberiti, wala usicheleweshe. Lakini kabla hujamfukuza, muulize alitaka kuona nini. Kisha, Jumamosi, chukua pampu ya baiskeli mwende uwanjani pamoja.