Bodi ya chama cha ushirika cha msingi

Bodi ya chama cha ushirika cha msingi ni kamati ya wanachama waliochaguliwa na wenzao ili kusimamia shughuli za chama kati ya mkutano mkuu mmoja na mwingine. Nchini Tanzania vyama vya msingi vya wakulima hujulikana zaidi kwa kifupi cha AMCOS.

Makala hii inaeleza kazi ya bodi kwa mfano wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi, ambako korosho, ufuta na mbaazi huuzwa kwa pamoja kupitia AMCOS. Vyama vya wilaya hizo na vya Liwale vimeungana katika chama kikuu cha RUNALI. Jina hilo limeundwa na herufi mbili za mwanzo za kila wilaya.

Historia

Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika nchini Tanganyika ilitungwa mwaka 1932. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 2013, ambayo pia iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika chini ya Mrajis.

Sheria ya stakabadhi za ghala ilitungwa mwaka 2005, na msimu wa 2007/08 mfumo huo ukaanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara. Baadaye ulienea Lindi na kwa mazao mengine. Tangu hapo kazi ya bodi imekuwa nzito zaidi, kwa sababu mkulima hukabidhi mzigo wake leo na kulipwa baada ya mnada. Katika siku hizo za kusubiri, mali yake iko mikononi mwa viongozi aliowachagua.

Mgawanyo wa madaraka

Chama huwa na ngazi tatu, na migogoro mingi huanza pale ngazi moja inapofanya kazi ya nyingine.

* Mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya juu kabisa. Huchagua bodi, hupitisha makisio ya mapato na matumizi, hupokea taarifa ya ukaguzi na huweka ukomo wa madeni, yaani kiasi cha juu ambacho chama kinaweza kukopa.
* Bodi husimamia utekelezaji wa maamuzi hayo na huajiri watendaji.
* Meneja, mhasibu na mtunza ghala hufanya kazi za kila siku: kupima, kuandika, kutunza na kulipa.

Mwenyekiti anayeshika mwenyewe funguo za ghala au kitabu cha hundi huondoa usimamizi, kwa kuwa hawezi kujikagua. Kwa sababu hiyo hundi hutiwa saini na zaidi ya mtu mmoja.

Usimamizi wa mzigo

Mkulima hupeleka mazao kwenye ghala la AMCOS, ambako hupimwa na yeye hupewa stakabadhi ya uzito. Mzigo husafirishwa hadi ghala kuu, hukaguliwa ubora, kisha huuzwa mnadani. Mnunuzi akishalipa, fedha hupita kwa vyama na kuingia kwenye akaunti ya mkulima baada ya makato.

Katika kila hatua bodi hulinganisha karatasi mbili. Jumla ya stakabadhi za wakulima inapaswa kulingana na uzito uliopokelewa ghala kuu, na pungufu yoyote ielezwe mapema. Kosa dogo la mizani hukua haraka: kilo 1 kwa kila gunia, katika magunia 1,000, ni tani nzima. Vivyo hivyo, makato yaliyozidi kwa shilingi 10 kwa kilo huwapunguzia wakulima shilingi milioni 1 katika tani 100. Ndiyo sababu orodha ya makato hubandikwa mahali ambapo kila mwanachama anaweza kuisoma.

Daftari la wanachama

Umuhimu wa daftari ulionekana msimu wa 2018/19. Wakulima wa mikoa ya Kusini walikataa bei za minada, na mwezi Novemba 2018 Serikali ya Rais John Magufuli iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Jeshi likipewa kazi ya kuzisomba. Kabla ya malipo ulifanyika uhakiki wa wakulima ili kuwabaini wafanyabiashara wa kangomba, yaani wanunuzi wa nje ya mfumo rasmi ambao huchukua korosho kwa mkulima kwa bei ya chini.

Daftari linaloonyesha jina, shamba na mauzo ya kila mwanachama humlinda katika hali kama hiyo. Kwa sababu hiyohiyo mjumbe wa bodi hatakiwi kununua kangomba, kwani maslahi yake hugongana na ya wale anaowawakilisha.

Vikao

Kikao halali huhitaji akidi. Ajenda hutolewa mapema, na baada ya kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita hujadiliwa yatokanayo, yaani utekelezaji wa yaliyokubaliwa. Kila azimio huandikwa pamoja na jina la mhusika na tarehe ya kukamilisha. Mjumbe mwenye maslahi katika jambo, kwa mfano zabuni ya usafirishaji inayoombwa na ndugu yake, hutamka hivyo na hutoka wakati wa kuamua.

Kalenda ya kilimo nayo huongoza vikao. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, na korosho kuanzia Oktoba. Mizani, magunia na ukarabati wa ghala huhitaji kuamuliwa kabla ya hapo.

Ukaguzi

Hesabu za vyama hukaguliwa na COASCO, shirika la umma la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au na mkaguzi mwingine aliyeidhinishwa. Taarifa husomwa mbele ya mkutano mkuu. Wanachama ambao hawakuelezwa hesabu za msimu uliopita mara nyingi huupeleka mzigo unaofuata kwa kangomba, na chama hubaki na ghala tupu.