Kundi la Panya Weupe Katika Somo la Urithi: Maelezo kwa Walimu wa Kikwe na Sehemu za Meru

Miongoni mwa mada za baiolojia zinazowatatiza wanafunzi wetu, urithi ni mojawapo ya zile ngumu zaidi. Mwalimu huchora miraba ubaoni, huandika herufi kubwa na ndogo, kisha hutamka kwamba uwiano ni watatu kwa mmoja. Mwanafunzi huukariri uwiano huo na kuujibu katika mtihani, ingawa hajapata kuuona. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi kundi dogo la panya weupe wa maabara linavyoweza kutunzwa na kuzalishwa katika shule iliyopo Kikwe, au penginepo kwenye miteremko ya Mlima Meru. Aidha, tutaonyesha kwamba kazi hiyo haina faida yoyote endapo hali za kundi hazilinganishwi na daftari lake haliandikwi kwa ukweli.

Sababu za kumchagua panya

Ufugaji si jambo geni shuleni. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi zimefuga kuku, sungura na nyuki kwa ajili ya chakula na mapato. Panya wa maabara hufugwa kwa lengo jingine: kila mmoja wao ajulikane wazazi wake, tarehe ya kuzaliwa kwake na hali alizokulia.

Mimba ya panya huyu huchukua siku 19 hadi 21. Aghalabu huzaa watoto sita hadi kumi kwa mara moja, nao huachishwa kunyonya wakiwa na siku 21. Wanapofikisha wiki sita hadi nane huwa wamepevuka. Kwa hiyo jozi iliyounganishwa katikati ya Januari yaweza kuwa na wajukuu mwanzoni mwa Mei, kabla ya likizo ya Juni. Hapana mnyama wa zizini awezaye kumwonyesha mwanafunzi vizazi viwili katika muda huo.

Historia nayo yatuunga mkono. Mwaka 1902 Lucien Cuénot wa Ufaransa alionyesha kwa kutumia panya wa rangi ya kijivu na weupe kwamba kanuni ambazo Mendel aliziona katika njegere zinawahusu wanyama pia. Mwaka 1909 Clarence Little wa Marekani alianza kuwazalisha panya ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi. Leo ukoo huhesabiwa kuwa wa aina moja baada ya vizazi 20 vya namna hiyo, kwa kuwa panya wake hukaribia kufanana kabisa katika urithi wao.

Hapa Tanzania tunao mfano wa karibu. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na kuhamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mwaka 2000, huzalisha panya buku na kuwafunza kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake nchini Kambodia. Panya buku ni jamii nyingine kabisa, lakini lipo jambo la kuiga: wanyama hao huzoezwa mikono ya watu kwa upole tangu wangali wadogo, na kila mmoja hufuatiliwa kwa jina lake.

Makazi na chakula

Kizimba chaweza kutengenezwa kwa beseni refu la plastiki lenye kifuniko cha wavu wa chuma usiopitisha kidole. Wasizidi panya watano wazima katika kizimba kimoja. Madume wasiokua pamoja wasichanganywe, maana watapigana. Sakafuni yawekwe maranda ya mbao isiyotiwa dawa ya kuzuia wadudu wala isiyo na harufu kali. Yabadilishwe kila wiki, ila mama mwenye watoto wachanga aachiwe sehemu ya kiota chake cha zamani.

Mwanga wa sehemu zetu unafaa sana. Maadam tupo kiasi cha nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, na taa za ziada hazihitajiki. Joto linalofaa ni baina ya nyuzi 20 na 26 za Selsiasi. Katika usiku wa baridi wa Juni na Julai, panya wapewe karatasi laini za kutosha wajijengee viota.

Panya mzima hula gramu nne hadi tano kwa siku. Mahindi peke yake hayatoshi. Yachanganywe na soya na dagaa waliosagwa ili protini ipatikane. Mahindi yaliyoota ukungu yasitumiwe kamwe, kwani sumukuvu huwadhuru panya kama inavyowadhuru watu.

Panya wa porini au wa ghalani wasikamatwe kwa ajili ya somo hili, wala wasiruhusiwe kukaribia vizimba. Tauni imepata kuzuka Lushoto na Mbulu, na viroboto vya panya ndivyo huieneza. Panya wa kuanzia watoke katika taasisi inayowazalisha, na mwalimu aonane kwanza na ofisa mifugo wa wilaya, kwani tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Suala la maji

Jambo hili lahitaji uangalifu wa pekee kwetu. Maji ya mito, chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi itokanayo na miamba ya volkeno. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya sehemu hizi hupita kiwango hicho. Ndiyo sababu kituo cha Ngurdoto kimefanya utafiti wa kuiondoa floridi kwa mkaa wa mifupa. Kuchemsha maji hakusaidii, kwani maji hupungua na floridi ikabaki.

Tuseme kidato kimoja kinawapa panya wake maji ya mvua, na kidato kingine maji ya mto. Baada ya miezi kadhaa meno ya makundi hayo yaweza kutofautiana. Mwanafunzi asiyejua habari ya maji atasema kwamba tofauti hiyo imerithiwa. Hivyo ndivyo mtafiti apotokavyo: mambo mawili yakibadilika kwa pamoja, haiwezekani kujua lipi limeleta matokeo. Kwa hiyo vizimba vyote vipewe maji ya namna moja, yaliyo salama. Mwalimu hana haja ya kuwanywesha panya floridi ili athibitishe neno hili. Wanafunzi wanaifahamu alama ya maji hayo katika meno ya jamaa zao, na mazungumzo hayo yaendeshwe kwa heshima.

Kuzalisha na kuandika

Dume mmoja awekwe na jike mmoja au wawili. Jike akishapandwa asisogezwe karibu na dume mgeni, kwani Hilda Bruce alionyesha mwaka 1959 kwamba harufu ya dume mgeni yaweza kuiharibu mimba changa. Jike hupata joto tena ndani ya saa 24 baada ya kuzaa. Asiyetaka uzao wa pili amtoe dume mapema. Panya asishikwe mkia. Utafiti wa Jane Hurst na Rebecca West wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba panya wanaoinuliwa kwa viganja au ndani ya bomba hupungukiwa na hofu.

Watoto wa kiume na wa kike watenganishwe wakiachishwa. Kabla ya kuunganisha jozi ya kwanza, mwalimu aamue idadi ya vizimba ambayo shule inaweza kuilisha, na nani atawahudumia panya wakati wa likizo. Shule isiyoweza kujibu swali hilo isianze. Panya wa ziada wasiachiliwe nje, kwa kuwa watateseka au wataingia katika maghala ya wanakijiji.

Kila kizimba kiwe na kadi, na darasa liwe na daftari lenye namba ya panya, wazazi, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, rangi, na vifo pamoja na sababu zake zikijulikana.

Somo lenyewe

Jozi ya kwanza iwe panya wa kijivu wa ukoo halisi na panya mweupe. Watoto wao wote watakuwa na rangi. Watoto hao wakizalishwa wao kwa wao, hutarajiwa wajukuu watatu wenye rangi kwa kila mweupe mmoja.

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Katika uzao wa watoto wanane hutarajiwa weupe wawili, lakini hesabu ya bahati huonyesha kwamba karibu uzao mmoja katika kila kumi wa ukubwa huo hautakuwa na mweupe hata mmoja. Mwanafunzi aliyezoea majibu ya kitabu atashawishika kubadili tarakimu ili zilingane na ubao. Mwalimu asimruhusu, wala asimkemee kwa matokeo yake. Badala yake ajumlishe matokeo ya jozi zote, na ikiwezekana ya shule jirani zilizofuata utaratibu ule ule. Kadiri jumla inavyoongezeka, ndivyo uwiano unavyokaribia watatu kwa mmoja.

Mwanafunzi aliyeandika sifuri kwa sababu aliona sifuri, kisha akauona uwiano ukijitokeza katika jumla ya darasa zima, atakuwa ameelewa urithi na ameelewa utafiti. Iwapo kesho ataajiriwa katika maabara inayopima dawa au maji tunayokunywa, wengi watategemea tarakimu zake, nao hawatakuwa na njia ya kuvihesabu vizimba wao wenyewe.