Lipu Haibebi Mzigo

Ukuta uliopigwa lipu huonekana kuwa kitu kimoja, laini na imara kutoka juu hadi chini. Kwa hakika ni vitu viwili visivyolingana nguvu. Nje kuna tabaka la lipu, ambalo kwa kawaida unene wake ni milimita 10 hadi 20 tu. Ndani ndimo lilimo tofali. Televisheni inapoangikwa ukutani, yafaa kuuliza kwanza: je, skrubu zake zimeshikwa na lipu au na tofali?

Zanzibar ilipoanza matangazo ya televisheni ya rangi miaka ya 1970, swali hilo halikuwasumbua watazamaji. Televisheni za wakati huo zilikuwa masanduku mazito, zikakaa juu ya meza. Za leo ni bapa na nyepesi, na wepesi huo ndio unaowadanganya watu.

Tuchukue televisheni ya kilo 20. Uzito wake ni karibu nyutoni 200. Wengi hufikiri kwamba kazi ya skrubu ni kuuzuia uzito huo usishuke, lakini hiyo ni nusu tu ya kazi yake. Kitovu cha uzito kiko mbele ya ukuta, kwa hiyo chombo chote hutaka kupinduka kuelekea chumbani, kikiegemea ncha ya chini ya kishikizo. Skrubu za juu ndizo zinazovutwa zing'oke.

Tuseme kitovu hicho kiko sentimita 5 kutoka ukutani, na skrubu za juu ziko sentimita 20 juu ya egemeo. Momenti ya uzito ni 200 × 0.05, yaani nyutoni-mita 10. Ili pawe na mtengamano, skrubu za juu huvutwa kwa kani ya 10 ÷ 0.20, yaani nyutoni 50. Sasa mwenye nyumba anunue kishikizo chenye mkono wa kukunjua, aivute televisheni hadi sentimita 50 kutoka ukutani. Momenti huwa nyutoni-mita 100, na kani ya kung'oa skrubu hufikia nyutoni 500: mara mbili na nusu ya uzito wenyewe, ingawa televisheni haikuongezeka hata gramu moja! Mtoto akiushika mkono huo na kuning'inia, hesabu huwa mbaya zaidi, naye ndiye aliye chini yake.

Kinachopinga kani hiyo ni msuguano. Kabla ya skrubu, tunduni hutiwa kidude cha plastiki ambacho mafundi wengi hukiita fisha, jina linalomkumbusha mtu Mjerumani Artur Fischer, aliyebuni kidude cha nailoni cha aina hiyo mwaka 1958. Skrubu inapoingia, fisha hupanuka na kuukandamiza upande wa tundu. Tofali huuhimili mkandamizo huo. Lipu, kwa kuwa ni nyembamba na rahisi kupasuka, huvunjika au kubanduka. Kwa hiyo fisha yote yapasa kukaa ndani ya tofali. Ikiwa fisha ni milimita 40 na lipu ni milimita 15, tundu litazidi milimita 55, na skrubu nayo iwe ndefu kiasi hicho pamoja na unene wa kishikizo.

Vumbi la kekee husaidia kupima: lipu ya saruji hutoa vumbi la kijivu, tofali la kuchoma hutoa jekundu. Vumbi hilo lisafishwe, maana likibaki hupunguza msuguano. Tundu liwe katikati ya tofali, si kwenye kiungo, hasa pale matofali yalipojengwa kwa udongo. Aidha, matofali ya tanuri moja hayafanani. Yaliyokuwa mbali na moto huwa laini, na kekee ya kugongagonga huyapanua tundu kupita kiasi. Hayo yatobolewe kwa kuzungusha tu.

Nyaya za umeme zilizofukiwa kwa kawaida hupita wima au mlalo kutoka kwenye swichi na soketi, hivyo njia hizo ziepukwe. Aliye na shaka azime swichi kuu, kisha atumie kekee ya betri au ya mkono.