Safari ya mashambani Migori na Homa Bay: Je, ni lazima uwe na fo-wili?

Kama una watu wako Nyatike, Gwassi, Karungu au bonde la Lambwe, bila shaka umewahi kuusikia ubishi huu nyumbani kwako. Baba anataka akiba ya miaka minne inunue gari la kuvutwa na magurudumu yote manne, yaani fo-wili, ili Krismasi ikifika familia iende mashambani bila kushuka kusukuma gari matopeni. Mama anauliza: na karo je? Watoto, kama kawaida, wako upande wa baba kwa sababu fo-wili ni ndefu na inapendeza.

Zamani ubishi wa namna hii ulikuwa wa wawindaji. Hao ndio waliohitaji kujua ni gari lipi litafika porini na lipi litalala huko na matairi hewani. Kule Tanzania, ambako uwindaji wa leseni bado unaruhusiwa, wenyewe wanaendelea kubishana. Hapa Kenya serikali ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na tangu hapo swali hilo tumeachiwa sisi tunaokwenda matangani, arusini na kumjulia hali nyanya aliyeanguka.

Mwandishi huyu ameusikiliza ubishi huo mara nyingi, na maoni yake ni haya: wengi wetu tunaoitamani fo-wili hatuihitaji, na wale wanaoihitaji kikweli hawana uwezo wa kuinunua.

Hebu tuanze na barabara zenyewe. Lami inakufikisha mbali kuliko wengi wanavyodhani. Barabara kuu inatoka mpakani Isebania, inapita Migori, Awendo na Rongo hadi Kisii. Ukikunja Rongo lami inakuteremsha hadi mjini Homa Bay, na kutoka huko inaendelea mpaka Mbita, ukingoni mwa ziwa. Katika njia hizo zote fo-wili haikupi chochote ambacho gari dogo halikupi, isipokuwa kukaa juu na kuwatazama wenzako utosini.

Shida huanza pale unapoiacha lami. Aghalabu ni kilomita tatu, tano, au kumi za mwisho kufika boma. Na hapo jambo la kwanza la kuuliza si gari gani, bali ni udongo gani.

Sehemu kubwa ya tambarare za Lambwe na za Nyatike ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mainjinia huuita udongo wa pamba. Wakati wa kiangazi hukauka, ukasinyaa na kupasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto waweza kuzama. Hata baiskeli iliyobeba magunia mawili hupita bila taabu. Mvua ikinyesha udongo huo hunywa maji, ukavimba na kuwa kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Kisha unanata. Unajaa katikati ya meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama yai, halafu unapanda juu na kujaa chini ya bawa la gari mpaka gurudumu lenyewe linashindwa kuzunguka. Tairi lisilo na meno haliulizi kama linavutwa na injini au la.

Vilimani kwa Gwassi mambo ni tofauti. Huko adui ni mawe, miteremko na makorongo yaliyochimbwa na maji. Nako Awendo, kwenye mashamba ya miwa, trekta zinazobeba miwa hukata njia mbili ndefu katikati ya barabara. Magurudumu ya gari lako dogo yakitumbukia humo, tumbo la gari linakaa juu ya tuta na magurudumu yananing'inia. Kinachokuokoa mahali kama hapo ni urefu wa tumbo la gari kutoka ardhini. Gari refu la magurudumu mawili litapita pale ambapo gari fupi la magurudumu manne litakwama.

Kabla hujacheka na kusema gari la kuvutwa na magurudumu mawili ni la mjini tu, kumbuka Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953, na kwa miaka mingi yalifanywa Pasaka, wakati mvua ya masika imeshika, kwa makusudi ya kuwatesa madereva. Joginder Singh alishinda 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, 1973 na kisha miaka minne mfululizo kutoka 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun. Peugeot 504 ilishinda 1975 na 1978. Toyota Celica ilishinda 1984, 1985 na 1986. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa fo-wili! Ilibidi kungoja mpaka 1987, Hannu Mikkola alipokuja na Audi yake, ndipo gari la kuvutwa na magurudumu manne likashinda Safari kwa mara ya kwanza.

Ni kweli kwamba madereva hao walikuwa na mafundi waliowafuata na vipuri, nasi tuna fundi mmoja sokoni ambaye simu yake imezimwa. Lakini wazee wa iliyokuwa wilaya ya South Nyanza watakuambia kwamba Peugeot 504 hiyo hiyo ndiyo iliyowabeba wao, kuku wao na magodoro yao miaka hiyo ambapo lami ilikuwa hadithi. Mrithi wake leo ni Probox. Gari hili lilitengenezwa kwa aina zote mbili, ila zile unazozikuta stejini zikisubiri abiria aghalabu huvutwa na magurudumu ya mbele tu. Zinapanda na kushuka na magunia ya omena juu, watu wamebanana ndani, na zinafika.

Siri yake ni nini? Gari ni jepesi. Uzito wa injini umekaa juu ya magurudumu yanayovuta. Dereva anaijua kila kona ya barabara yake na anajua mvua ilinyesha wapi jana. Na kukiharibika, kuna abiria wanane wa kushuka na kusukuma, jambo ambalo fo-wili yenye baba, mama na watoto wawili haina.

Sasa tuitendee haki fo-wili. Inapokuwa ya kweli, yenye gia nzito na kifaa cha kufunga difu, hakuna gari dogo litakaloigusa. Lakini nyingi tunazoziona mjini si hizo. Difu ya kawaida ina tabia moja mbaya: hupeleka nguvu kwa gurudumu lililo rahisi kuzunguka. Maana yake ni kwamba gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakikosa pa kushika, hayo ndiyo yanayozunguka na kurusha matope, huku yale mawili yaliyo kwenye ardhi ngumu yametulia kama wageni. Umelipa pesa ya magurudumu manne na umekwama kama jirani mwenye mawili. Baadhi ya magari ya kisasa hutumia breki kulizuia gurudumu linaloteleza, na hilo husaidia kiasi. Muulize anayekuuzia, na asipojua jibu, muulize fundi.

Isitoshe, magari yote yana breki kwenye magurudumu manne. Kupanda, fo-wili inakushinda. Kushuka mlima unaoteleza na kukata kona mko sawa, na yeye ni mzito zaidi. Kinachowaponza wenye fo-wili ni ujasiri. Mwenye gari dogo huona matope akasimama, akashuka, akaangalia. Mwenye fo-wili huingia. Akikwama, anakuwa amekwama mita mia mbili ndani, mahali ambapo hata ng'ombe wa plau wanasita kufika.

Na gharama? Magari ya mitumba yanayoingizwa nchini hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka minane, kwa hivyo hakuna njia ya mkato ya kuagiza kuukuu la bei ya chini. Injini ikizidi sisi 1500 ushuru nao unapanda, na fo-wili nyingi zimezidi hapo. Mafuta utayanunua kila siku ya mwaka, ilhali matope ya nyumbani utayakanyaga labda siku kumi. Kadhalika, fo-wili nyingi za kudumu hutaka matairi manne yaliyolika sawasawa. Ukitobolewa moja na kununua jipya peke yake, unaweza kuharibu mitambo inayogawa nguvu. Mama aliyeuliza habari ya karo hakuwa na makosa.

Basi mwenye gari dogo afanyeje? Kwanza, aondoke mapema. Kandokando ya ziwa letu mvua hupenda kunyesha alasiri na jioni, kwa hivyo anayefika nyumbani saa nne asubuhi hukuta njia tofauti kabisa na anayefika saa kumi. Wanaosafirisha maiti wanalijua hili vyema. Gari la mazishi ni zito, ni refu, na hakuna aibu inayoizidi ya kuona jeneza likishushwa njiani kwa sababu msafara ulichelewa kutoka. Pili, matairi. Jozi mpya yenye meno makubwa kwenye magurudumu yanayovuta itakusaidia zaidi ya maombi. Katika matope tumia gia ya pili, mwendo mmoja, bila kukanyaga breki ghafla wala kuongeza moto. Kaa katikati ya barabara iliyoinuka, kwani pembeni itakuvuta mtaroni. Kilima kikikataa na gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele, geuza upande kinyumenyume, maana uzito utaangukia magurudumu yanayofanya kazi. Watoto watacheka, lakini mtafika. Jembe, kamba na vipande viwili vya ubao visikose butini.

Yote hayo ni kwa sisi tunaoweza kuchagua siku ya kwenda. Uchungu wa kuzaa hauchagui. Mama aliye ndani huko Gwassi au Nyatike ya chini akishikwa saa nane za usiku mwezi wa Aprili, hakuna wa kumwambia angoje jua likaushe barabara. Muuguzi wa zahanati, daktari wa mifugo, ambalansi ya kaunti, hao ndio wenye haja ya fo-wili ya kweli, yenye gia nzito na matairi ya matope. Jambo linalomsikitisha mwandishi huyu ni kuziona gari za namna hiyo zikiwa safi kabisa kwenye lami, zimebeba wakubwa kwenda mikutano hotelini. Mwenye mjamzito nyumbani mahali kama hapo asiitegemee gari lolote. Amhamishie kwa jamaa aliye karibu na hospitali wiki mbili kabla ya siku, hasa kama ni msimu wa mvua.

Wengine wenye haja ni askari wa wanyamapori wa Ruma, mbuga ya kilomita 120 za mraba iliyomo ndani ya bonde la Lambwe. Ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Sensa ya wanyama ya 2021 iliwahesabu 15 tu. Mwindaji haramu anayewamaliza hana gari. Huja kwa miguu na waya wa kutega. Anayemfuata ndiye anayehitaji gari, tena katika udongo ule ule mweusi, usiku, mvua ikinyesha. Wewe mgeni unayetaka kuwapeleka watoto wakaone twiga na faru, nenda Januari au Februari, piga simu kwanza uulize hali ya njia za ndani, na wakati wa masika kodi fo-wili ya siku moja. Kukodi siku moja ni nafuu kuliko kuilisha mwaka mzima.

Kuna jambo moja ambalo halina ubishi. Mto Kuja ukifurika huko Nyatike, kama ulivyowahi kufanya mara nyingi na kuwafukuza watu makwao, hakuna gari lililo na haki ya kuingia. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulielea gari dogo, na yakifika 60 yanabeba magari mengi, hata hizo ndefu. Huko nyuma pia hujui kama barabara ingali ipo chini ya maji hayo.

Kwa hivyo ukifika njia panda na mvua imenyesha usiku kucha, simamisha gari uwaulize vijana wa bodaboda. Wao wamepita alfajiri. Wakikuambia hapana, liache gari kwenye kituo cha mafuta au kwa mwenye duka mnayejuana, umpe kitu kidogo. Bodaboda mbili zitawabeba nyote na mizigo hadi bomani, na pesa mtakayolipa haifiki hata nusu ya bei ya tairi moja. Viatu vya mpira vifungwe mapema nyumbani, jozi moja kwa kila mtu, hata za nyanya.