Video ya droni ina chenga usiku? Tafuta mwanga kwanza kabla ya kutafuta droni mpya

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee kitu kinachowagusa vijana wengi mnaotafuta riziki kwa kamera.

Siku hizi mpiga picha wa harusi asiye na droni anakodi ya mwenzake, maana mteja anaiulizia. Mchana kazi inatoka bomba, bahari ya bluu, minazi unaihesabu jani kwa jani. Likishazama jua tu, balaa. Anga linakuwa kama TV ya zamani isiyo na antena, chenga zinacheza juu ya vichwa vya wageni. Suti nyeusi ya bwana harusi inageuka matope. Mteja anaangalia, anakunja sura, na ile nusu ya malipo iliyobaki inaanza kuwa hadithi. Na harusi hairudiwi, eti useme waje tena kesho uwapige upya.

Ushauri wa mtaani ni mmoja tu: nunua droni kubwa. Kuna vijana wanaingia mkopo kwa ushauri huo. Mimi nasema tulia kwanza mzee. Mambo mengi yanayopunguza chenga hayana gharama, na karibu yote yanafanyika kabla hujarudi nyumbani kuediti.

CHENGA ZINATOKA WAPI?

Fikiria mvua ya rasharasha, na wewe umepanga mabeseni mengi uani. Ukiyaacha kwa sekunde moja tu kisha ukahesabu matone, beseni hili lina matone 8, la jirani 13, lile pale 10. Yote yako chini ya mvua moja, lakini hayalingani. Sasa yaache nusu saa. Yatajaa karibu sawasawa, tofauti ya matone machache huioni tena.

Kamera ni hivyo hivyo. Mabeseni ni pikseli za sensa (sio ile sensa ya kuhesabu watu, ni kile kidude kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi). Matone ni chembe za mwanga, wataalamu wanaziita fotoni. Pikseli inayopokea wastani wa fotoni 100 itayumba juu na chini kwa kama 10, yaani asilimia 10. Hiyo macho yanaiona, ndiyo chenga yenyewe. Inayopokea 10,000 itayumba kwa kama 100, asilimia 1 tu, na hapo picha inaonekana safi. Shika kanuni hii: ukiongeza mwanga mara 4, chenga zinapungua kwa nusu.

Basi ISO ni nini? ISO ni kama kitufe cha sauti kwenye redio isiyokamata vizuri. Ukiongeza, mtangazaji anasikika zaidi, lakini mkoromo nao unapanda pamoja naye. ISO haiongezi tone hata moja kwenye beseni, inakuza tu kilichopo. Ndiyo maana wale wanaopiga giza kwa ISO ya chini halafu wanasema "nitaiangaza kwenye kompyuta" hawaokoi kitu. Kuangaza kwenye kompyuta ni kuongeza sauti ile ile, tena baada ya kamera kuwa imeshaminya faili na kutupa habari za sehemu za giza.

Kwa hiyo swali la usiku ni moja tu: nitapataje mwanga zaidi uingie kwenye sensa?

MAMBO YA KUFANYA BILA KUTOA HATA SHILINGI

Kwanza, vua miwani. Zile filta za ND mnazofunga mchana ili shata isikimbie sana ni miwani ya jua. ND8 inapitisha moja ya nane ya mwanga, ND16 moja ya kumi na sita. Jua likizama filta inarudi kwenye kiboksi chake. Na ukishaivua, futa kioo cha lenzi kwa kitambaa laini, maana alama ya kidole huwa inatawanya mwanga wa taa kama ukungu.

Pili, acha fremu 60. Najua mnapenda slomo. Lakini ukipiga fremu 60 kwa sekunde, kila fremu haiwezi kukaa wazi zaidi ya 1/60 ya sekunde. Ukipiga fremu 25 unaweza kukaa 1/50, na ikibidi hadi 1/25. Kati ya 1/60 na 1/25 umepata mwanga mara 2.4, bure kabisa. Slomo ifanyie mchana.

Tatu, kumbuka umeme wetu. Huku kwetu umeme ni wa herzi 50, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kila sekunde, hata kama jicho halioni. Shata ya 1/50, 1/100 au 1/25 inaingiza mipepeso mizima mizima, picha inatulia. Ukiweka 1/60 kama Wamarekani, ambao umeme wao ni wa herzi 60, utaona mistari inatembea kwenye taa za ukumbi na mwanga unapumua. Kwenye app za droni nyingi kuna sehemu ya kuzuia kupepesa. Weka 50. Kwa hiyo fremu 25 na shata 1/50 inakutibu magonjwa mawili kwa mpigo.

Nne, shika ISO kwa mkono. Ukiiacha ijipange yenyewe, droni ikigeuka kutoka kwenye taa kwenda gizani ISO inapaa katikati ya tukio, na chenga zinamwagika mbele ya macho ya mteja. Kwa droni ndogo mimi naanzia 400, na 800 ndiyo mwisho wangu. Zenye sensa kubwa zinakwenda hadi 1600 bila aibu. Jaribu ya kwako siku usiyo na kazi: piga sehemu ile ile kwa 400, 800, 1600 na 3200, kisha angalia kwenye skrini kubwa. Kioo cha simu kinadanganya, kwenye udogo ule kila kitu ni safi.

Tano, ruka pole pole. Shata ya 1/25 inataka utulivu. Ile gimbo inayoshika kamera inafuta mtikisiko wa droni, lakini haiwezi kufuta mwendo wa kasi. Nenda taratibu kama unatembea kwa miguu, au simama hewani kabisa na uache watu ndio wachezecheze. Pwani, msimu wa kusi upepo unaweza kuvuma mpaka jioni. Ukiona droni inahangaika kushikilia mahali pake, rudi 1/50 au shuka chini.

Sita, usipige anga tupu. Chenga zinaonekana sana kwenye eneo kubwa la giza lisilo na kitu. Inamisha kamera, jaza fremu yako na taa, watu, magari, maturubai yenye mapambo. Na muombe MC au fundi taa awashe taa zote za nje kwa dakika kumi wakati unarusha. Kuomba si wizi. Hizo dakika kumi zinaweza kuzidi faida ya droni mpya.

Saba, angalia saa. Hapa ndipo video nyingi za YouTube za Ulaya zinawapoteza vijana. Kule wakati wa kiangazi jua likizama mwanga unakawia, wana muda wa kunywa chai. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linazama wima. Dar es Salaam jua linazama kati ya saa 12 na dakika kumi na kitu na saa 12 na dakika hamsini jioni, kutegemea mwezi, na mwanga mzuri unaobaki baada ya hapo ni dakika ishirini na kitu tu. Lakini dakika hizo ni dhahabu. Anga lina bluu yake, taa zimeshawaka, na mteja akiangalia anaona "usiku". Kwa hiyo betri iwe imejaa, droni iwe chini tayari, na maharusi wawe wameshaambiwa. Ukianza kufungua begi jua likishazama, umechelewa.

Nane, punguza mbwembwe kwenye kamera. Kama app yako ina sehemu ya kunoa picha, ishushe kidogo, maana inanoa na chenga pia. Na zile rangi bapa kama D-Log ziwe za mchana. Gizani, kama huna uzoefu nazo, tumia rangi ya kawaida.

KABLA HUJARUKA

Droni nyingi zinatumia kamera ndogo za tumboni kujishikilia zinapokuwa chini, na nyingine zina macho ya kuona vizuizi. Hayo macho yanataka mwanga. Gizani usitegemee ikwepe mnazi au waya wa umeme yenyewe. Zunguka eneo mchana, hesabu minazi, nguzo na minara, kisha weka urefu wa kurudi nyumbani uzidi vyote. Na usiruke juu ya vichwa vya watu. Kibali nacho ni lazima, Tanzania ni TCAA na Kenya ni KCAA, na kuruka usiku kuna masharti yake, kwa hiyo uliza kabla hujapokea hela ya mtu. Video safi haisaidii kitu kama droni imeshikwa kituoni.

UKIRUDI KWENYE KOMPYUTA

Programu za kuondoa chenga zinafanya kazi kwa njia kuu mbili. Ya kwanza inalainisha pikseli na majirani zake ndani ya fremu moja, na ukizidisha sura za watu zinakuwa kama sanamu za nta. Ya pili inalinganisha fremu zinazofuatana: chenga zinabadilika kila fremu lakini ukuta uko pale pale, basi inachukua wastani. Wastani wa fremu 4 zilizotulia unapunguza chenga kwa nusu, kanuni ile ile ya mabeseni. Ndiyo maana nimesema ruka pole pole. Droni iliyotulia inaipa programu kitu cha kulinganisha.

DaVinci Resolve ina kifaa kizuri cha kazi hii, ila kipo kwenye toleo la kulipia. Neat Video nayo ni ya kununua. Kwa mwenye mfuko mtupu ipo HandBrake, ya bure kabisa. Ndani yake kuna filta inaitwa NLMeans, anza na nguvu ndogo. Kwenye kompyuta ya cafe itakwenda kwa mwendo wa konokono, kwa hiyo chagua vipande vyenye shida tu. Ondoa chenga kwanza, rangi baadaye, kunoa mwisho. Ukinoa kwanza umezipa chenga mwili.

Kama ulipiga 4K na mteja anataka 1080, ukiishusha kila pikseli 4 zinakuwa moja, na chenga zinapungua zenyewe.

Kingine ambacho wengi hawakijui: chenga zinakula bando. Programu ya kuminya video inategemea vitu vinavyofanana kutoka fremu moja hadi nyingine, na chenga hazifanani hata siku moja. Kwa hiyo faili linakuwa kubwa, au picha inavunjika vipande vipande kama vigae. YouTube wenyewe wanashauri kupandisha 1080 ya fremu 25 kwa megabiti 8 kwa sekunde, na 4K kwa 35 hadi 45. Ukiituma WhatsApp ndiyo inaminywa zaidi. Safisha kwanza, ndipo upandishe.

SASA DRONI MPYA NI LINI?

Sisemi droni zote sawa. DJI Mini 2 ya 2020 ina sensa ya inchi 1/2.3 na lenzi ya f/2.8. Mini 3 Pro ya 2022 ina sensa ya inchi 1/1.3 na lenzi ya f/1.7. Ukipiga hesabu ya eneo la sensa na tundu la lenzi, ya pili inapokea mwanga kama mara 6 hadi 7. Hiyo ni tofauti ya kweli. Mavic 3 ya 2021, yenye sensa kubwa ya 4/3 na lenzi ya f/2.8, inapokea kama mara 8 ya Mini 2. Umeona? Ile ndogo inamkaribia kaka yake mkubwa kwa sababu ya lenzi. Kwa hiyo muuzaji akikutajia K nyingi, 4K sijui 5K, wewe muulize vitu viwili: sensa inchi ngapi, na lenzi f ngapi. Akibabaika, ondoka zako.

Lakini piga na hesabu hii nyingine. Mtu mwenye Mini 2 aliyesahau ND8, anapiga fremu 60, amejinyima mwanga mara 8 kwa filta na mara 2.4 kwa shata. Jumla karibu mara 19. Hakuna droni ya mkopo itakayomrudishia hiyo kama tabia ni ile ile.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kwenda kuulizia bei, toka nje saa 12 jioni na droni uliyonayo, fremu 25, shata 1/50, bila filta. Kisha mje hapo chini kwenye maoni, mtaje aina ya droni na ISO mliyotumia, tulinganishe. Wenye ujuzi zaidi yangu nao wasikae kimya, mwageni ujuzi tufaidike wote.

Tuko pamoja.