Jembe si Shokoa

Majuzi, katika semina yetu ya methali, mwanafunzi mmoja alisoma insha iliyotetea kwa ufasaha rai kwamba asiyefanya kazi ya umma asipewe posho ya serikali. Nguzo ya hoja yake ilikuwa methali tuijuayo sote: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Darasa zima lilimpigia makofi. Mimi sikupiga.

Rai hiyo si ngeni. Mwaka wa 1996, Rais Bill Clinton wa Marekani alitia sahihi sheria iliyowataka wengi wa wapokeaji wa msaada kufanya kazi, na kuweka kikomo cha miaka 5 kwa msaada wa serikali kuu. Jijini New York, maelfu walifagia barabara na bustani ili wasinyimwe posho. Wakosoaji walilalamika kuwa watu hao walitenda kazi za waajiriwa wa jiji pasi na mshahara wa waajiriwa. Hatimaye Meya Bill de Blasio aliukomesha mpango huo.

India ilishika njia nyingine. Sheria yake ya 2005 iliipa kila familia ya mashambani haki ya kudai siku 100 za kazi ya ujira kwa mwaka. Kazi isipopatikana kwa siku 15, serikali ilipaswa kumlipa mwombaji posho. Huko raia ndiye aliyedai, serikali ikadaiwa.

Sisi wanaisimu hatuna ruhusa ya kuyachanganya maneno. Ujira ni malipo ya jasho. Posho ni stahili ya mhitaji. Ama kazi ya kushurutishwa, Kiswahili kina jina lake: shokoa. Babu zetu waliionja enzi ya mkoloni, na hawakuiita ukarimu.

Tuirudie basi methali. Mgeni hukirimiwa kwanza. Kisha jembe hutolewa na mwenyeji, shamba lipo, na mavuno huliwa pamoja. Wala hakuna muungwana atakayemkabidhi jembe ajuza wa miaka 75 kwa sababu ya Sh2,000 za Inua Jamii. Naye kijana mwenye nguvu, ikiwa taifa lahitaji kazi yake, na alipwe mshahara wake kamili.

Nilipomrudishia mwanafunzi wangu insha yake, nilimpa alama nzuri, kwani aliandika vyema. Pambizoni niliuliza swali moja tu: shamba liko wapi?