Insulini ya mtoto ikiletwa nyumbani, ikague mlangoni

Mama au mlezi, famasi ikikuletea insulini kwa bodaboda, usipokee na kuweka tu. Insulini iliyoharibiwa na joto au iliyoganda haishushi sukari vizuri. Mtoto anaweza kuzidiwa ingawa hujakosa kumchoma.

Kagua kabla mletaji hajaondoka:

- Jina la mtoto na aina ya insulini vilingane na cheti cha daktari.
- Tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita na kifuniko hakijafunguliwa.
- Imefika ikiwa ya baridi, lakini haikugusana na barafu. Iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka.
- Ile angavu kama maji isiwe na ukungu. Ile ya rangi ya maziwa isiwe na mabonge.

Ambayo haijafunguliwa itunze kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia. Ukifungua chupa, andika tarehe. Nyingi hutumika kwa wiki 4 tu.

Una shaka? Ikatae na ipigie famasi simu. Usimwache mtoto bila dozi: mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.